Mkunde na Kikopo cha Mafuta

Kaeni vizuri. Aliyekalia mguu wa mwenzake, asogee. Tunapanda milimani, Usangi, nyumbani kwa Mkunde.

Mkunde ana miaka sita. Ana mapengo mawili. Na leo ana shida moja.

Mwalimu amesema, "Kesho kila mtoto aje na kifaa cha kazi anayotaka kujifunza."

"Mimi nyundo!" akasema Elirehema. "Na wewe Mkunde? Utaleta kijiko? Fundi wa kula!"

Darasa zima likacheka. Mkunde hakucheka. Ingawa kula, jamani, alikujua kweli.

Mchana akaenda kwa Fundi Mrutu, seremala. Mlango wa karakana ukalia: kwiii!

"Shikamoo, Fundi. Mlango wako unaumwa?"

"Marahaba. Huo unalia tangu hujazaliwa. Tumeshauzoea."

Fundi akampa nyundo na misumari. Ko! Ko! Ko! Mkunde akapigilia kigoda.

Akakinyanyua. Kigoda kikagoma. Lo! Amekipigilia mezani!

Fundi Mrutu akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.

"Kazi nzuri hii," akasema Mkunde. "Lakini si yangu."

Mlango ukamuaga: kwiii!

Akaenda kwa Shangazi Namsifu, mshonaji. Shangazi alikuwa barazani, anashona sare za kwaya. Chaka-chaka-chaka, cherehani kiliimba.

Shangazi akampa sindano, uzi na mkono wa gauni la mama mchungaji. Mkunde akashona, ulimi nje.

Alipomaliza, mkono ulikuwa umezibwa kabisa. Kama mfuko wa maharage.

"Mh!" akasema Shangazi. "Sasa mama mchungaji atatolea wapi vidole?"

"Kazi nzuri hii," akasema Mkunde kwa sauti ndogo. "Lakini si yangu."

Machozi yakamlengalenga. Kesho ataenda shule mikono mitupu. Watamcheka tena: fundi wa kula!

Mara, chaka-chaka... kwiii! Kimya.

Cherehani kimegoma.

"Maskini mimi!" akalia Shangazi. "Na jioni kwaya wanakuja kuchukua sare zao!"

"Shangazi, kimeanza lini kulia kwiii?"

"Tangu juzi. Nikakizoea tu."

Mkunde akalala chini. Akatega sikio karibu na gurudumu.

"Zungusha polepole, Shangazi."

Kwiii.

"Hapa! Simama! Toa miguu!"

Uzi mwekundu ulikuwa umejiviringisha katikati ya gurudumu. Vidole vidogo vikauvuta. Ukatoka, mrefu kama mkia wa nyani.

Shangazi akaleta kikopo cha mafuta, kile chenye mdomo mrefu. Mkunde akaminya. Tone. Tone.

Chaka-chaka-chaka-chaka!

"Ee, kimepona!" Shangazi akapiga vigelegele.

"Shangazi, kuna watu wanaofanya kazi hii tu? Kuponya mashine?"

"Wapo! Mafundi wa mashine. Wetu mpaka apande kutoka bondeni. Tena huja akijisikia."

Mapengo mawili yakaonekana.

"Kazi nzuri hii," akasema Mkunde. "Na ni yangu!"

"Basi kesho nenda shule na kikopo. Ila ukirudishe! Nakujua mimi."

Njiani akapita kwa Fundi Mrutu. Tone. Tone. Akausukuma mlango. Ukafunguka, kimya.

"Hodi, Fundi!"

Fundi Mrutu akaruka kama panzi. "We mtoto! Umeingilia wapi?"

Jioni ikafika. Mkunde akala. Akanawa. Akapanda kitandani na kikopo chake.

"Hapana," akasema Mama. "Mafuta hayalali kwenye shuka zangu." Akakiweka mezani.

Mkunde akafumba macho.

Krooo... kwiii! Krooo... kwiii!

Sauti ilitoka chumba cha pili. Ni Baba, anakoroma.

Mkunde akaketi. Akanyoosha mkono kwenye kikopo.

"Mama, Baba anahitaji tone moja tu."

"Lala, mwanangu," akasema Mama. "Huyo tumeshamzoea."