Ashrafu Kasema Nini Kwenye Kebo?

"Posa ya huyo kijana inarudi leo leo, Shufaa. Magharibi haiikuti hapa nyumbani."

"Shikamoo baba. Posa gani?"

"Marahaba. Una posa ngapi? Ya Ashrafu! Mshenzi mkubwa!"

Shufaa aliishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo cha kebo ya mtaani, Magomeni ya Bagamoyo. Kazi yake ndiyo hiyo: madishi ya juu ya paa yananasa chaneli, kila moja inaingia na kisimbuzi chake, yeye anazikusanya zote na kuzipitisha kwenye waya mmoja unaokwenda majumbani. Ukutani skrini ndogo zimejipanga, zote bubu. Spika ya chumba iliungua tangu masika, na bosi kila siku anasema kesho. Kwa hiyo muda mfupi uliopita, Ashrafu wake alipotokea kwenye chaneli ya mji akihojiwa kando ya mabwawa yake ya samaki kule Mbegani, Shufaa aliona sura tu. Sura ilikuwa inacheka, naye akacheka nayo peke yake kama mwehu.

"Kasema nini, baba?"

"Kasema wewe alikuwa anapitishia muda tu. Kasema baba yako ana tamaa, na hata akipewa bure hakuchukui! Shangazi yako Mwanahija yupo hapa kwenye kochi, tunampepea."

"Baba, hebu ngoja kwanza nimuulize mwenyewe..."

"Umuulize nini? Ami yako Msabaha kashapanda bodaboda, anaipeleka posa kwao. Ikishapokelewa, basi. Sitaki kumsikia tena."

Simu ikakatika. Shufaa akampigia Ashrafu.

"Mpenzi!" Ashrafu aliita kwa furaha. "Umeniona?"

"Yale maneno uliyasema kweli?"

Akacheka. "Kumbe yamekufikia! Niliyasema. Na nilimwambia Husseni, mpiga picha wenu, asikate hata neno moja."

"Mbele ya mji mzima?"

"Mji mzima ndio niliotaka usikie. Nimechoka kuficha."

"Na baba yangu je?"

"Baba yako ndiye hasa niliyemlenga. Kasemaje?"

Huyu mtu ana roho ya namna gani?

"Hukuogopa hata kidogo?"

"Nilitetemeka, nisikufiche. Lakini sasa nimeutua mzigo, Shufaa. Nina raha mimi!"

"Endelea na raha yako. Usinipigie tena maishani."

Akakata. Ujumbe ukaingia hapo hapo: "Shufaa kuna nini?" Wa pili: "Nimekukosea wapi?" Wa tatu ndio uliommaliza: "Kama nilizidisha unisamehe, ila yale maneno siyafuti."

Akakaa chini sakafuni, katikati ya nyaya, akalia kilio cha sauti. Alimpenda yule mtu. Alishajiona mkewe, alishachagua hata rangi ya mapazia.

Simu ya ofisi ikalia. Akaiacha. Ikalia tena. Mteja hajui kama umeachwa, yeye anataka chaneli yake. Akafuta kamasi, akapokea.

"Kebo? Hii tamthilia yetu ya Kituruki leo mmeifanyaje?" Alikuwa mama mmoja wa Dunda.

"Samahani mama, picha imekatika?"

"Picha safi kabisa. Ila Selimu kaingia kwa mchumba wake, kapiga magoti, nikasema leo anaomba msamaha. Akaanza kueleza samaki aina ya mwatiko wanalishwa pumba!"

Machozi ya Shufaa yalisimama njiani.

"Anaeleza nini, mama?"

"Pumba, mwanangu! Mwanamke wa watu analia, yeye anaeleza maji ya kujaa na kupwa. Mwisho ndio kasema la maana kidogo. Kasema kuna Shufaa, binti wa mzee Alawi, anampenda kuliko nafsi yake, na wazee wakimnyima, yeye haoi tena. Nikaguna. Selimu wa Uturuki kamjulia wapi binti Alawi?"

Shufaa aliruka mpaka kwenye mtambo. Akatazama jinsi alivyozipanga chaneli mchana. Picha ya chaneli ya mji aliifungia sauti ya tamthilia, na picha ya tamthilia akaifungia sauti ya mji. Mikono yake mwenyewe ilifanya hivyo, wakati simu ameibana begani akibishana na Ashrafu kuhusu shati la kuhojiwa nalo.

"Mama, Mungu akuweke!"

"Kwa lipi?"

Hakuwa na nafasi ya kujibu. Alirudisha kila sauti kwenye picha yake, akatafuta mahojiano aliyoyarekodi Husseni, akayarusha upya tangu mwanzo. Kisha akampigia baba yake.

"Baba, washa kebo. Chaneli ya mji."

"Nikatukanwe mara ya pili?"

"Nakuomba, baba. Washa, na simu usikate."

Akasubiri. Kule nyumbani runinga ikawaka, na kwenye simu ikaingia sauti ya Ashrafu, ile nene yenye kigugumizi kidogo akiwa na wasiwasi. Ikaeleza mabwawa, ikaeleza pumba. Kisha ikasema: "Na... namtaka Shufaa wa mzee Alawi. Mzee, najua adabu ni kuwaachia wazee waseme, ila na mimi naomba unisikie. Nampenda binti yako kuliko nafsi yangu. Ukininyima, mimi sioi tena."

Shufaa aliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, kwa njia hiyo, akiwa amebana mdomo kwa kiganja.

"Sauti zilipishana, baba. Kosa ni langu. Ulisikia maneno ya tamthilia ya Kituruki, iliyotiwa Kiswahili."

"Si nilisema, kaka!" Shangazi Mwanahija alidakia kwa nyuma, amepona ghafla. "Nilisema midomo na maneno haviendani!"

"Kwenye tamthilia zako midomo inakwenda kwake na maneno kwake kila siku, umewahi kulalamika?" mzee Alawi alimjibu.

Shufaa akawaingilia.

"Na wewe baba, sauti yake huijui?"

"Nitaijulia wapi? Posa walileta wazee wake, yeye kwangu shikamoo tu!" Mzee Alawi akashusha pumzi, kisha akashtuka. "Yallah! Msabaha!"

"Mpigie!"

"Simu yake hii hapa inachaji!"

Shufaa akampigia Ashrafu.

"Ami yangu kafika kwenu?"

"Kafika zamani. Kwani hunitaki au..."

"Kawapa kitu? Kasema kitu?"

"Aseme saa ngapi? Unamjua mama. Mgeni haelezi shida yake hajala. Kapewa wali wa nazi, sasa hivi kaongezwa."

Shufaa aliegemea ukuta. Kumbe Bi Mina, mama yake Ashrafu, na sufuria lake!

"Mpe simu, aongee na baba. Mimi nawaunganisha."

Mzee Alawi hakuzunguka. "Msabaha, hicho ulichobeba kisitoke mfukoni. Nilimdhulumu mtoto wa watu."

"Alhamdulillahi," ami alijibu na tonge mdomoni. "Nilikuwa nakula taratibu makusudi. Sasa niwaambie nimefuata nini?"

"Waambie umekuja kutaja siku. Ijumaa ijayo, baada ya sala."

Vigelegele vya Bi Mina vikajaa kwenye simu. Shufaa akacheka huku machozi yanamtoka upya, na haya hakuyafuta.

Ashrafu akarudi hewani. "Shufaa, mimi sijaelewa hata kimoja. Umeniacha, umenirudia, na Ijumaa naoa. Kuna nini?"

"Nitakueleza ukishanioa."

"Niambie sasa!"

"Wewe hebu niambie yale ya kwenye kebo kwanza. Polepole. Nataka uniambie mimi."

Akamwambia, akigugumia, neno kwa neno, na simu za wateja zikaendelea kulia bila mtu wa kuzipokea.