Makosa ya Mafundi

Chapuchapu alipewa jina hilo na baba yake, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia juu ya kompyuta. Binti huyu aliandika hotuba na matangazo katika ofisi ya kampeni ya mheshimiwa mmoja. Baba alikuwa fundi mwashi. Jioni alikwenda maktaba kwenye darasa la kusoma la watu wazima, na mvi zake, bila haya.

Siku moja katibu wa ofisi alivuta kiti karibu na meza ya Chapuchapu.

"Unaijua ile kamusi elezo ya mtandaoni? Ile ambayo yeyote anaweza kuiandika?"

"Naijua, bosi."

"Ukurasa wa mheshimiwa unatutia aibu. Soma hapa."

Paliandikwa kwamba ukuta wa soko ulianguka, ukaua akina mama waliokuwa wakiuza mboga. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba kampuni ya mheshimiwa iliamuru nondo zipunguzwe.

"Futa hayo. Andika ni makosa ya mafundi."

Vidole vya Chapuchapu viliganda. Baba yake alikuwa mmoja wa mafundi wale.

"Lakini bosi, tume ilisema..."

"Mafundi ni wengi. Nani ametajwa hapo? Kama kazi imekuchosha, sema. Nje kuna foleni."

Akaandika, kwa jina la bandia. Alijiambia kwamba hakuna aliyetajwa.

Haukupita muda, gazeti moja likanakili maneno yale. Katibu alicheka mpaka akakohoa.

"Safi! Sasa liweke gazeti hilo ukurasani kuwa ushahidi."

Basi uongo ukawa shahidi wake wenyewe.

Mtaani mambo yakageuka. Simu ya baba ikanyamaza. Mtu aliyemwahidi kazi ya kujenga choo akaita fundi mwingine. Jirani mmoja, mama aliyefiwa na binti yake pale sokoni, akaacha kuitikia salamu za baba.

Jumapili mchana baba alimwita binti yake. Miwani ilikuwa imemshuka puani, simu mkononi.

"Njoo umsikilize msomi! Leo nimeachana na kitabu cha darasani. Nasoma habari za ukuta wetu."

Kidole chake kilitambaa chini ya maneno.

"U-ku-ta... ulianguka... kwa ma-ko-sa... ya ma-fun-di."

Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena.

"Nimesoma vibaya?"

"Hapana, baba. Umesoma sawasawa."

"Mbona nilimwambia msimamizi kwamba nondo hazitoshi? Tume iliniuliza, nikaeleza, wakaandika. Nani tena amekuja kuandika hivi?"

Chapuchapu alivificha vidole vyake mgongoni.

"Mimi, baba."

Baba hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

"Haya," alisema. Tangu hapo akawa anamwita "wewe."

Chapuchapu alikwenda kwa mkutubi, mama aliyemfundisha baba kusoma, akamweleza yote.

"Ulilipwa?" mkutubi aliuliza.

"Mshahara wangu tu, mama."

"Ndiko kulipwa huko. Sikiliza, mwanangu. Kamusi ile ni ya wote, lakini si kioo cha kila mtu kujipambia. Ukimwandikia mwajiri wako, ndugu yako au chama chako, huo ni mgongano wa masilahi. Mkono mmoja unapokea, mwingine unaandika."

"Kwa hiyo nisiandike kabisa?"

"Tangaza wazi nani anakulipa. Kisha usiuguse ukurasa wenyewe. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, useme unataka nini kibadilishwe, utoe ushahidi. Wasio na upande wataamua."

"Na lile gazeti?"

"Lilinakili kwako! Utakuwaje shahidi wa maneno yako mwenyewe? Ushahidi ni ripoti ya tume."

"Nikisema, watanifukuza."

"Watakufukuza," alisema mkutubi. Hakumbembeleza. "Kwani baba yako ana kazi?"

Chapuchapu akaketi kwenye kompyuta ya maktaba, akafungua ukurasa wa majadiliano. Safari hii vidole havikukimbia.

Wahariri wa kujitolea walipitia historia ya ukurasa, ambamo kila badiliko huhifadhiwa. Walirudisha maneno ya tume. Jina lake la bandia wakalifungia. Kesho yake katibu alimtupia mkoba wake mlangoni.

"Njaa itakufundisha adabu, binti."

Gazeti liliomba radhi kwa mistari michache, ukurasa wa ndani, kando ya matangazo ya vifo.

Wiki zikapita. Asubuhi moja jirani aliyefiwa alisimama nje ya mlango wao. Hakuingia.

"Fundi, ukuta wa jiko langu umepata ufa. Utakuja?"

"Nitakuja, mama."

Jioni baba alirudi na saruji kwenye kucha. Alinawa, akavaa miwani, akafungua simu.

"Chapuchapu," aliita. "Hebu njoo. Kuna neno linanishinda."

Binti alisogea upesi, akainama juu ya bega lake. Ulikuwa ukurasa wa majadiliano. Yalikuwa maneno aliyoyaandika binti mwenyewe.

"Ni 'niliagizwa,' baba."

"Na hili linalofuata?"

Aliligusa neno kwa kidole.

"'Nikakubali.'"

Baba akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.