Kiganja cha Bibi Harusi

Mkono-chuma wa majaribio, wenye kiganja cha mpira, uliinua bunduki, ukalenga shabaha ya udongo mwishoni mwa karakana, ukafyatua. Ganda likaruka pembeni, risasi nyingine ikapanda yenyewe kutoka kwenye magazini, mkono ukafyatua tena. Hiyo ndiyo bunduki-tambuzi, fahari ya jiji la Tanga. Ilijipakia kila baada ya mlio, na haikumtii mtu isiyemtambua. Kwenye mpini wake kulikuwa na jicho la kiganja, kioo kidogo kilichoimulika ngozi na kusoma mishipa ya damu iliyo chini yake. Jangili akiiiba, kwake inabaki gongo tu.

Aliyelibuni jicho hilo ni Injinia Nuru Shekue, na hakuwa mtu wa kuyaficha majivuno yake. Asubuhi hiyo alikuwa akiikagua bunduki iliyokuwa ya Saumu Mbelwa, askari wa hifadhi ya Nyika ya Mbogo aliyefukuzwa kazi mwaka uliopita. Ilitakiwa apewe askari mpya. Mkono-chuma ulikuwa umeshamaliza majaribio yake. Ilibaki Nuru apige kwa mkono wake mwenyewe, kama kanuni ilivyotaka, maana viganja vya mainjinia vilisajiliwa katika kila bunduki.

Akaishika, akalenga, akavuta triga. Kimya.

Akaichomoa magazini, risasi zilikaa sawasawa. Akaifungua bunduki mezani, akapitia springi, pini na njia ya kutolea maganda. Vyote safi. Akaiunga upya, akavuta. Kimya tena.

"Umeamkaje leo, wewe?" akaigombeza. Nuru alikuwa na mazoea ya kusema na vyuma kuliko kusema na watu.

Bwana Lukindo, injinia mkuu wa karakana, alikuwa akipita na kikombe chake cha kahawa. "Hebu lete," akasema. Akaipokea, akavuta, na bunduki ikalia mpaka vioo vikatetemeka. Akacheka. "Imekukataa, Injinia! Labda inakuonea wivu. Tangu urudi harusini unang'aa kama wewe ndiye uliyeolewa."

Jumamosi Nuru alikuwa amemwoza mtoto wa kaka yake, na wapambaji hawakumwacha shangazi hivihivi. Akaigeuza mikono yake. Viganja vyote vilikuwa vimejaa maua ya hina, na juu ya hina rangi ya piko nyeusi tii mpaka kwenye ncha za vidole. Kicheko cha Lukindo akakisikia kwa mbali.

Harakaharaka akaifungua kumbukumbu ya bunduki. Dakika zote alizokuwa ameishika yeye hazikuwa na kitu. Palikuwa patupu, kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Utupu ule alishauona mara moja.

Mwaka jana Saumu aliitwa doria akiwa bado ndani, fungate haijaisha, kwa kuwa nyati mwenye jeraha alikuwa ameingia njia ya wanakijiji. Nyati alimwangusha Hoza, askari mwenzake Saumu, akamkanyaga, na hospitali wakamkata mguu. Saumu akalia mbele ya baraza la hifadhi kwamba alivuta triga na bunduki haikulia. Wakamwita Nuru. Naye akawaonyesha kumbukumbu tupu, akasema kwa sauti ya mtu asiyekosea: "Chombo ni kizima. Nyati alipofika, huyu hakuwa amekishika. Alikitupa akakimbia."

Piko ililiziba jicho lisione mishipa, na bunduki isiyomtambua aliyeishika huendelea kulala, wala haiandiki chochote. Nuru mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo ili kuokoa betri. Na kile kiganja cha mpira cha mkono-chuma, chenye mishipa bandia, hakuna aliyewahi kukipaka hina. Katika mji ambao kila wiki kuna harusi, hakuna hata injinia mmoja aliyeliwaza hilo.

Kulikuwa na jambo baya zaidi ya hayo yote. Asubuhi ile ya baraza, mlangoni, Nuru aliishika mikono ya Saumu akaigeuza huku na huku. "Hongera, bibi harusi," alimwambia. "Umepambwa ukapambika." Kisha akaingia ndani kummaliza.

Lukindo alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Tutarekebisha kimyakimya," akasema. "Maelekezo mapya yatashuka kutoka kwenye setilaiti, kila bunduki itajisahihisha. Ya nini kufukua yaliyopita? Ukisema, litaanguka jina lako, na letu pia. Piko yenyewe itafutika karibuni."

"Na Saumu?"

"Saumu ameshazoea, dada yangu."

Nuru alikwenda bombani, akamimina sabuni, akasugua viganja kwa brashi ya kusafishia mitutu mpaka vikawaka moto. Ndipo alipogundua anachokifanya. Alikuwa akifuta ushahidi. Alifunga maji, akaona aibu isiyo na pa kujificha, akachukua kanga yake akatoka.

Saumu alikuwa akikaanga vitumbua mbele ya nyumba ya mama yake. Watoto waliokuwa wakipita walipiga kelele, "Mama Mbio! Mama Mbio!" wala hakuinua kichwa. Mumewe alikuwa amevumilia jina hilo miezi michache, kisha akamrudisha kwao.

Nuru alisema yote akiwa amesimama. Hakukaribishwa kukaa, naye hakutaka.

Saumu akageuza vitumbua taratibu mpaka vikaiva. "Unajua, Injinia," akasema, "nimeambiwa sana kwamba niliitupa, hadi mwenyewe nikaamini. Usiku naota naitupa." Akaitazama mikono ya Nuru kwa muda. "Nawe umependeza."

Nuru akainama, machozi yakamtoka. "Nisamehe, mdogo wangu. Kesho nitasimama mbele ya baraza lilelile. Kama kuna unalotaka leo, niambie."

"Twende kwa Hoza. Mimi hataki kuniona. Wewe mwambie."

Hoza alikuwa kibarazani, gongo la kutembelea limelala pajani. Alipomwona Saumu akageuza uso ukutani. Nuru akapiga magoti mbele yake, akaifunua mikono yake, akaeleza habari ya jicho, ya piko, na ya kumbukumbu iliyolala. Hakusema "tulikosea." Alisema "nilikosea," akalirudia.

Hoza akamgeukia Saumu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ulivuta?"

"Nilivuta, kaka."

"Mara ngapi?"

"Mpaka ulipoacha kupiga kelele."

Hoza akajifunika uso. Nuru akaingiza mikono yake ndani ya kanga. Halafu akaona aibu hata kwa hilo, akaitoa, akaiweka wazi mbele yao.