Miguu Iliyogoma Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia babu yake kutoka chumbani hadi kibarazani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Babu, fundi cherehani mstaafu, alikuwa na ugonjwa wa Parkinson: mikono ilimtetemeka na hatua zake zilikuwa fupi. Akifika mlangoni, miguu ilikwama kama iliyopigiliwa misumari.

"Babu, nachelewa!" Chiriku alilalamika, akimvuta mkono.

"Usinivute, mjukuu wangu. Miguu imegoma."

Siku moja alimpitia babu kliniki. Alipochungulia dirishani, alipigwa na butwaa. Babu alikuwa akivuka mistari ya utepe iliyobandikwa sakafuni, hatua ndefu, mikono ikipunga, huku mtaalamu wa mazoezi akimpigia makofi. Hakukwama hata kidogo!

Kumbe! Chiriku aliwaza. Nyumbani anajikokota, lakini hapa kliniki anatembea kama askari wa gwaride.

Tangu hapo alimtilia shaka. Babu akiangusha kijiko, alimtazama kwa jicho la pembeni. Babu akicheka, alijiuliza anamcheka nani.

"Mama, babu anajifanya ili tumhudumie," alinong'ona. Mama akamkemea, lakini shaka haikumtoka.

Jumamosi aliamua kumnasa. Alimuaga babu kwamba anakwenda dukani, kisha akajibanza nyuma ya pazia la sebuleni. Babu alijikongoja hadi mlangoni. Akakwama. Hakukuwa na mtu wa kumhadaa, lakini jasho lilimtoka. Alishika mwimo wa mlango, akaitazama miguu yake.

"Twendeni basi, msiniaibishe," aliisihi.

Kiwiliwili kikatangulia, miguu ikabaki nyuma. Chiriku aliruka akamdaka, wakapepesuka wote wawili na kuangukia kochi.

"Si ulikwenda dukani?" babu aliuliza, akihema.

Machozi yalimlengalenga Chiriku. "Nisamehe, babu. Nilikuona kliniki ukitembea vizuri. Nikadhani unatudanganya."

"Hata mimi hujishangaa," babu alisema polepole. "Kuna siku najishuku mwenyewe."

Siku ya kliniki walimuuliza mtaalamu.

"Ugonjwa huu uko kwenye ubongo," alieleza. "Agizo la kutembea huchelewa kufika miguuni, hasa mahali pembamba kama mlangoni. Mstari huyapa macho kazi, nayo macho huiongoza miguu. Akikwama, usimvute. Asimame kwanza, ahamishie uzito upande mmoja, kisha apige hatua ndefu."

Chiriku alibandika utepe mlangoni. Kila jioni walifanya mazoezi pamoja, yeye akihesabu hatua kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. Ugonjwa haukuondoka, na siku nyingine babu alikwama bado. Lakini sasa alijua namna ya kujinasua.

Jioni moja mama aliwatazama, kisha akamwambia binti yake, "Kushuku si kosa, mwanangu. Kosa ni kuhukumu kabla ya kuuliza. Mgonjwa hahitaji mpelelezi, anahitaji mwenzake wa mazoezi."

"Hotuba nzuri," babu alisema. "Sasa nipisheni, nataka kupita."

Wakampisha. Akapita.