Ukimya wa Matanga ya Plutarco

Nilikuwa napanda kilima cha mji wetu wa Quibdó, Kolombia, jioni, nimebeba ndizi za kupika za dada yangu Yirleza, simu ilipotetemeka.

Kwenye kioo: "Yirleza anaomba msaada."

Programu iliyotuma ujumbe ule niliitengeneza mimi. Manispaa waliizindua kwa hotuba nne na keki moja: mwanamke akiwa hatarini abonyeze kitufe cha sauti mara tatu, simu ikiwa mfukoni, kioo kimezimwa, na majirani wanapata habari. Tatizo, simu huiua programu isiyoonekana kwenye kioo. Ujanja wetu ni kuifanya icheze muziki muda wote, na muziki wenyewe uwe ukimya. Ukimya mtupu, faili lisilo na sauti yoyote, simu iliushtukia. Ilitaka ukimya wa kurekodiwa mahali halisi, na Quibdó ni mji wa spika na pikipiki.

Niliupata usiku wa mwisho wa matanga ya Plutarco, mume wa Yirleza, mlevi aliyezama katika mto Atrato. Karibu na alfajiri nyimbo zilikatika, mishumaa ikazimwa, watu wakasogea pembeni roho ya marehemu ipite itoke nje. Hakuna aliyepumua.

Nikarekodi.

Nilimkuta Yirleza jikoni, mikono imejaa magamba ya samaki. Simu ilikuwa mezani, mbali naye.

"Nani kabonyeza?" nilinong'ona.

"Nikuulize wewe, mhandisi."

Kitufe kikazama chenyewe. Taratibu... taratibu... kisha haraka.

Yirleza akajishika shavu, magamba yakabaki usoni.

"Ndivyo Plutarco alivyokuwa akigonga mlango. Akishalewa."

Harufu ikapanda. Tope la mto na pombe ya miwa.

"Usiku ule wa matanga, ukimya wako uliurekodia wapi?" akaniuliza.

"Mlangoni. Palikuwa na nafasi."

"Deyanira." Alinitazama kama mtu anayetazama mjinga wa ukoo. "Watu wote wamempisha marehemu, wewe ukasimama mlangoni na simu mkononi?"

Nikaziweka ndizi mezani.

"Mtoe humo."

Kwa simu yangu nikaufuta ukimya ule, kwenye simu yake na kwenye simu zote za mji. Kitufe kikatulia. Yirleza akashusha pumzi, akachukua kisu, akarudi kwa samaki wake.

Mlango wa chumbani ukagongwa.

Kwa ndani.

Taratibu... taratibu... kisha haraka.

Yirleza aliinyakua simu, akabonyeza mara tatu. Akabonyeza tena. Akasubiri majirani, macho kwangu.

Nami nikashindwa kumwambia kuwa bila ukimya ule, programu haisikii tena kitufe cha mtu yeyote.