Sanduku la Kushoto

Foleni ya duka la vipuri ilikuwa imefika mlangoni, na aliyeizuia alikuwa mwanamume mmoja mrefu. Shati lake lilipigwa pasi vizuri, ila mkono mmoja wa shati umetobolewa na chuma cha kuchomelea. Kila transfoma aliyopewa alitaka ichomekwe kwenye umeme, kisha aitegee sikio.

"Kaka, unanunua au unasikiliza taarifa ya habari?" aliuliza mwokaji mikate nyuma yake, gauni la njano, unga ungali kwenye kiwiko. Alifuata kipuri cha oveni, na kinyunya hakimngoji mtu.

"Hii inanguruma, dada. Ikinguruma hapa, itanguruma ndani ya wimbo."

Nje, mwanamume yule, fundi wa vyombo vya muziki, alimweleza kazi yake. Muziki ulio kwenye kompyuta ni namba tupu. Yeye huunda masanduku madogo ya kuzigeuza namba hizo kuwa sauti.

"Basi chukua na namba yangu," mwokaji akasema. "Tuone utaigeuza sauti saa ngapi."

Simu iliita kabla oveni haijapata moto.

Wakapendana hivyo, kwa mikate na nyimbo. Jumapili moja fundi alimketisha kwenye kochi mbele ya masanduku mawili: lake la zamani, na jipya alilolihangaikia mwaka mzima. Hakumwambia lipi ni lipi. Akapiga wimbo mmoja kwa yote mawili.

"Lipi zuri?"

"La kushoto."

"Una hakika?"

"Unataka nikudanganye, mpenzi?"

Uso wa fundi ukasawijika. La kushoto lilikuwa la zamani. Alimsindikiza hadi mlangoni, na tangu hapo simu ikanyamaza.

"Mwambie ulikosea, yaishe," dada wa mwokaji alimshauri.

"Nikimdanganya kwa sanduku, nitamdanganya hadi uzeeni." Hakumpigia. Lakini mikate iliungua, naye hakuwa mtu wa kuunguza.

Ijumaa simu ikaita. "Mpenzi, mimi mjinga."

"Hilo nalijua. Endelea."

"Lile la zamani lilikuwa linatoa sauti kubwa kidogo kuliko jipya. Sikio hupenda kubwa. Fundi hupima kwanza, ayaweke sawa. Nilikuwa na hamu ya kukuonyesha, nikasahau."

"Kwa hiyo umeninunia kwa kosa lako."

"Sikununa. Nilifungua lile jipya lote, natafuta ulichosikia."

"Na simu nayo uliifungua?"

Fundi alicheka kwanza, kisha akaomba radhi kama mtu mzima.

Mwokaji alikwenda kwake na mkate wa moto, amevaa gauni la buluu. Safari hii fundi alikuwa amepima. Wimbo ulipoanza kwenye sanduku la pili, mwokaji akainua mkono.

"Rudisha hapo. Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuimba." Wimbo aliujua tangu utotoni, pumzi ile hakuwahi kuisikia. "La kushoto."

"Nimeyabadilisha," fundi akasema taratibu. "La kushoto leo ndilo jipya." Akazima muziki. "Nina swali jingine, na hili sina kipimo chake. Utakubali nikuoe?"

"Nikijibu, utaniamini, au utakwenda kufungua skrubu?"

"Nitakuamini."

"Basi ndiyo. Sasa kata mkate, unapoa."