Mwisho wa Ufa

Kila Jumamosi Marlena aliamshwa na mapipa. Mjomba wake Orville aliyagonga kwa ngumi, moja baada ya jingine, kusikiliza lipi limebakiwa na maji. Kiangazi kile yote yalijibu kwa sauti moja, sauti ya tumbo la mwenye njaa.

"Amka, nyota wa kikapu," mjomba aliita dirishani. "Mapipa yanakuulizia."

"Yaambie nimesafiri," Marlena alijibu kutoka ndani ya blanketi.

"Nimeyaambia. Yanasema yanaiona miguu yako imetokeza."

Marlena alicheka, akaamka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na miguu mirefu iliyopenda uwanja wa mpira wa kikapu kuliko kazi yoyote ya nyumbani. Mama yake alifanya kazi hospitalini katika mji wa Chinle, na siku za zamu alilala huko huko. Kwa hiyo kazi ya maji ilikuwa ya wawili, yeye na mjomba. Waliyachota kwenye bomba la ofisi ya jumuiya, wakayapeleka nyuma ya miamba myekundu, alikoishi bibi yake, Desbah, na kondoo wake. Mvua ilikuwa imegoma. Bwawa la mifugo lililokuwa bondeni chini ya kambi ya bibi lilikuwa limekauka, likabaki tope zito, na kondoo hawakuwa na maji mengine ila yale yaliyoletwa na gari.

Gari lenyewe waliliita Nyati. Lilikuwa kuukuu, la kahawia, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na viti vyake vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa ili tangi la maji lipate nafasi. Mjomba alidai kwamba Nyati lina adabu kuliko watoto wa siku hizi, maana likiumwa husema. Na wiki ile lilikuwa limesema. Lilipopita kwenye barabara ya vumbi yenye vituta kama mbavu za mbwa mwenye njaa, huku nyuma kulisikika ko, ko, ko.

Baada ya chai, mjomba alishusha tangi, akalegeza bolti, akainua bodi kwa jeki na kipande cha boriti. Wakaingia chini wote wawili.

Bodi la Nyati halikulala moja kwa moja juu ya chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma wa gari. Lilikalia vikono vya chuma vilivyochomelewa ubavuni mwa chesisi, kila kimoja na mpira mnene juu yake. Vikono viwili vya nyuma ndivyo vilivyobeba uzito wa maji, na vyote viwili vilikuwa vimepasuka.

"Kumbe ni kaufa kadogo tu," Marlena alisema. "Kachomelee, tumalize."

"Ufa ni mwongo, mpwa wangu. Unakuonyesha nusu yake. Ukichomelea hiyo nusu, nusu ya pili inakucheka na kuendelea na safari." Mjomba alimpa kopo la mafuta ya taa, kitambaa na kipande cha chaki. "Sugua kutu kwa brashi. Paka mafuta, kisha kaa, uyaache yanywewe. Halafu futa mpaka pakauke, paka chaki, ukae tena. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka yenyewe yachore mstari kwenye chaki. Mstari unapoishia, hapo tunatoboa tundu. Ufa ukiangukia kwenye tundu la duara hauna pa kushika. Unakoma."

"Kukaa ni muda gani?"

"Muda wa mimi kunywa kikombe cha kahawa. Na mimi kahawa siinywi kama nafukuzwa."

Mjomba alichukua kikono cha kulia. Cha kushoto kilikuwa kimebanwa nyuma ya bomba la moshi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima ulipita kwa shida, kwa hiyo kikawa cha Marlena. Alikisugua vizuri, sitamwonea. Vumbi la kutu lilimwingia puani hata akapiga chafya mfululizo. Alipaka mafuta. Ndipo akasikia honi kule barabarani.

Alikuwa Jolene, binamu yake, nahodha wa timu, amekaa nyuma ya gari la kaka yake na wasichana wengine. Mchana huo kulikuwa na mechi.

"Wewe, fundi!" Jolene alipaza sauti. "Unakuja, au tumpange mjomba wako acheze badala yako?"

Marlena alilitazama kopo la mafuta, akalitazama vumbi la barabara. Akafuta mafuta saa ile ile. Akapaka chaki, na papo hapo mstari mfupi ukajitokeza, sawasawa na ule ulioonekana kwa macho. Hakukaa kuona kama utarefuka. Alichukua msumari na nyundo, akagonga alama pale mstari ulipoishia, akajivuta nje.

"Tayari, Mjomba."

"Mafuta yamekaa?"

"Yamekaa."

"Yamekaa kukaa, au yamepita kusalimia?"

"Mjomba, yamekaa bwana."

Sasa, katika ukoo wao kulikuwa na desturi ya tangu mababu. Ukiulizwa jambo mara ya kwanza, ya pili au ya tatu, unaweza kukwepa, kutania, hata kunyamaza. Ukiulizwa mara ya nne, lazima useme kweli. Swali la nne halina mlango wa nyuma. Marlena alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, na moyo wake ulianza kupiga ko, ko, ko, mfano wa Nyati.

"Kwa hiyo yamekaa?" mjomba aliuliza mara ya tatu, akimwangalia kwa jicho moja huku mkono ukitafuta drili.

"Ndiyo."

Honi ikalia tena, ndefu. Mjomba akacheka, akatikisa kichwa.

"Nenda, kabla hawajaja kunichukua mimi."

Timu yao ilishinda. Marlena alifunga mpira wa mwisho, akabebwa mabegani, akarudi jioni na medali ya bati ya mfungaji bora wa siku na sauti iliyokauka kwa vifijo. Alikuta mjomba amekwisha kutoboa, kuchomelea, kuweka bamba la chuma juu ya kila kikono na kupaka rangi nyeusi. Vikono vilipendeza. Marlena alivitazama, akajiambia kwamba hakuna kilichoharibika. Tuliowahi kujiambia hivyo ni wengi, na tunajuana kwa makovu.

Safari mbili Nyati lilinyamaza. Safari ya tatu, maji yakiwa pomoni, walikuwa wamefika katikati ya miamba pale lilipotoa mlio mmoja mkavu, kama kuni inayovunjwa kwa goti. Nyuma kushoto kukazama. Tairi likaanza kukwaruza bodi, gari likavutwa upande, na mjomba akapigana na usukani mpaka likasimama limeinama kando ya mtaro. Tangi lilikuwa limeteleza, likagonga mlango wa nyuma, likapasuka. Maji yote ya Bibi Desbah yakaingia mchangani. Mchanga haukubakiza hata tope la kushika.

"Umeumia?" mjomba aliuliza.

"Hapana."

Mjomba aliingia chini ya gari na tochi. Marlena naye akainama. Bamba na mshono wa kuchomelea vilikuwa vizima. Chuma kilikuwa kimekatika pembeni yake, mbele ya tundu. Sehemu ya mwisho ya mkato iling'aa nyeupe, maana ilikuwa imekatika dakika ile. Lakini kuanzia kwenye tundu kwenda mbele, kwa urefu wa kidole, mkato ulikuwa wa kahawia. Ilikuwa kutu. Chuma kilichopasuka leo hakina kutu. Ufa ulikuwapo hapo tangu zamani, umejificha, ukingoja kupakwa chaki na mtu mwenye subira.

Mjomba aliuangalia kwa muda mrefu, akazima tochi. Hakuuliza kitu. Marlena angefurahi kama angekaripiwa.

Simu hazikushika mtandao. Walirudi kwa miguu, na jirani mwenye gari alipatikana jioni, akasema njia ile haipitiki usiku. Walifika kwa Bibi Desbah kesho yake mchana, na mapipa madogo nyuma ya gari la jirani.

Bibi alikuwa amekaa nje kwenye kivuli cha matawi, sketi yake ndefu imetapakaa tope hadi magotini. Mkononi alishika kengele ya shaba. Marlena alipoiona kengele, alijua.

Ilikuwa ya Shangazi, yule mbuzi mzee aliyewaongoza kondoo kwa miaka mingi. Mjomba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu, alisema, anajua kila kitu na anaamrisha kila mtu. Marlena alipokuwa mdogo alijifunza kutembea akiwa amemshika shingo.

"Nilingoja mpaka jua likawa kali," bibi alisema polepole. "Walilia sana. Nikafungua zizi, nikasema watapata hata majani mabichi. Shangazi akanusa tope la bwawani, akaenda nao. Miguu yangu haimfikii tena. Aliingia mbele akazama. Wenzake walipomwona anazama, wakasimama. Hata mmoja hakumfuata." Aliigeuza kengele kiganjani. "Nilimvuta. Sikuweza."

Jirani alianza kushusha mapipa, na kondoo wakasikia maji, wakaja wakisukumana. Walikunywa vichwa vimezama. Hakukuwa na wa kuwapanga foleni.

Marlena alimfuata mjomba wake kando ya zizi.

"Mjomba."

"Naam."

"Siku ile uliniuliza mara tatu. Uliza la nne."

Mjomba alishusha ndoo. Alitazama chini kidogo, kisha akamtazama usoni.

"Mafuta yalikaa?"

"Hayakukaa. Niliyafuta saa ile ile. Nilitaka kwenda kwenye mechi."

Bibi alikuwa amesikia. Marlena alisimama akingoja, na machozi yakamtoka bila kelele. Mjomba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia.

"Na mimi niliona mstari ni mfupi," alisema. "Nikataka kuuliza la nne, nikaona nakuharibia siku. Kumbe nimemharibia bibi yako ya kwake. Hilo ni langu, usilibebe wewe. Lako unalijua."

"Nifanye nini, Bibi?" Marlena aliuliza. "Nitauza medali, nitanunua..."

"Medali ya bati inanunua mbuzi wa bati," bibi alisema, na kwa nusu sekunde mjomba alikaribia kucheka. "Wewe nenda katengeneze gari. Safari hii, kaa."

Nyati lilivutwa hadi nyumbani. Marlena alilala chini yake tena, akakata bamba la zamani pamoja na mjomba, akasugua, akapaka mafuta ya taa. Mjomba alimimina kahawa, akakaa juu ya tofali. Alikunywa hadi tone la mwisho. Marlena alifuta, akapaka chaki, akatulia akiitazama chaki ile nyeupe karibu kabisa na pua yake. Mstari ulitokea mfupi. Akangoja. Mafuta yakatambaa taratibu, yakapita mahali alipoweka alama mara ya kwanza, yakapita pale chuma kilipokatika, yakaendelea kuingia kwenye chesisi yenyewe. Barabarani honi ililia. Marlena hakugeuza kichwa. Mstari ulipokoma alingoja tena, ndipo akagonga alama.

"Njoo uangalie mwenyewe, Mjomba," alisema. "Usiniulize."

Mjomba aliingia, akaangalia, akaleta drili.

Nyati lilipopeleka maji tena, lilipanda miamba bila mlio. Bibi Desbah aliwapikia mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, na baada ya kula akamwita Marlena zizini. Alikuwa ameifunga ile kengele shingoni mwa mbuzi jike mchanga, aliyekuwa akiruka huku na huko kwa kuogopa mlio wake mwenyewe.

"Watu wengi wanajua kwamba ufa huzibwa," bibi alisema. "Wanaziba, wanapaka rangi, wanaondoka. Mjukuu wangu, ufa kwanza unafuatwa mpaka mwisho wake, hata kama mwisho ni mbali na wewe una haraka. Na uongo ni hivyo hivyo. Wewe ulidhani wako umeishia kwenye mechi. Ona ulikofika."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulipousema, uliutobolea tundu. Umekoma. Lakini aliyekwenda hatarudi." Alimpa fimbo. "Huyu mdogo ana kengele tu, njia haijui. Mpaka aijue, mtu lazima atembee mbele yake kila asubuhi, na mimi miguu yangu umeshaisikia habari yake."

Fainali ilichezwa Jumamosi iliyofuata. Jolene alisimulia baadaye kwamba walishindwa kwa vikapu viwili. Wakati mechi ikichezwa, Marlena alikuwa akishuka kutoka zizini kuelekea kwenye birika jipya la kunyweshea kondoo, akipitia mbali na bwawa, na nyuma yake kengele ikilia ovyo ovyo, mara mbele, mara kando, kisha, kidogo kidogo, ikianza kumfuata.